Nyumba za mitindo iliyohuishwa katikati ya Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo watu huyarudia wanaposimama mbele ya nyumba kuukuu za katikati ya jiji: wakazi wa Kisutu na Upanga, wanafunzi wa usanifu majengo, wapangaji wanaoishi ndani ya nyumba hizo, na warithi wanaojiuliza kama wauze au watengeneze. Majibu yanaanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye yale yenye utata. Pale jibu moja linapogusa jingine, utaelekezwa kwa namba ya swali badala ya kurudiwa maelezo.

## Mambo ya msingi

1. Mtindo uliohuishwa ni kitu gani hasa?

Kuhuisha mtindo ni kujenga jengo jipya na kulivalisha sura ya zama zilizokwisha kupita. Mjenzi hapokei namna hiyo ya kujenga kutoka kwa mwalimu wake wa kazi kama fundi anavyopokea kwa fundi. Anaichagua kutoka kwenye vitabu na michoro, na anaichagua kwa makusudi. Huko Ulaya karne ya 19 ilijaa mazoea hayo. Jengo la Bunge la Uingereza, lililojengwa upya baada ya moto wa 1834, lilipewa sura ya Kigothi, yaani ya makanisa makuu ya Ulaya ya zama za kati, ili taasisi yenyewe ionekane yenye mizizi ya kale. Nchini Marekani, baada ya maonyesho makubwa ya San Diego ya 1915, mitaa mizima ya California ilijaa nyumba za kuta nyeupe, matao na vigae vyekundu kwa kuwaiga Wahispania wa zamani, na wengi waliozijenga hawakuwa na nasaba yoyote na Hispania.

Dar es Salaam inayo mifano ya namna mbili. Ya kwanza ilihuisha zama za kale za Ulaya, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lenye sura ya Kigothi na lililojengwa kati ya 1897 na 1902, ndilo mfano ulio wazi kuliko yote. Ya pili, ambayo ndiyo huulizwa zaidi, ilihuisha sura za Kiarabu: matao yaliyochongoka juu au yenye umbo la kwato, kuba, kuta zenye meno juu kama za ngome, na urembo wa plasta. Ukurasa huu unaishughulikia zaidi hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo inayowachanganya watu.

2. Kwani hayo si majengo ya Kiarabu tu?

Hapana, na tofauti yenyewe huonekana kwa macho ukishaijua. Nyumba ya mawe ya pwani iliyojengwa kwa mapokeo ya pwani hutazama ndani. Ukuta wake wa nje ni mnene, mweupe na mkavu. Madirisha ya chini ni machache na madogo. Uzuri wote umewekwa kwenye mlango, na baada ya mlango umewekwa ndani, katika zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, katika ua, katika vyumba ambavyo mgeni wa barazani havioni. Jengo lililohuishwa hufanya kinyume chake, yaani huutoa uzuri nje. Matao yake yamepangwa mbele kwa safu, yakitazama bahari au barabara, ili apitaye ayaone.

Anayetaka kujifunza kwa miguu na atembee kutoka Boma la Kale, lililoko pembeni mwa Barabara ya Sokoine na lililojengwa miaka ya 1860 katika zama za Sultani Majid bin Said, hadi hospitali ya zamani ya Wajerumani ya Ocean Road, iliyofunguliwa 1897. La kwanza ni bonge la ukuta lisilojipamba. La pili lina kuba na matao kiasi kwamba mtoto mmoja wa shule, katika matembezi yetu, aliuliza msikiti huo ni wa jamaa gani. Wajenzi wa la kwanza walikuwa watu wa mapokeo ya Kiarabu na Kiswahili. Wa la pili walikuwa maofisa wa Kaizari.

3. Nikitaka kuyaona nianzie wapi?

Anzia Kivukoni, upande wa Kanisa la Kilutheri la Azania Front, ambalo ujenzi wake ulianza 1898 na likazinduliwa 1902. Kanisa hilo limehuisha Ulaya, lakini angalia vijipaa vya vigae vilivyowekwa juu ya madirisha yake kukinga jua. Hapo hali ya hewa imeshaanza kumshinda mbunifu. Endelea mashariki kwenye mtaa wa ofisi na nyumba za maofisa wa Kijerumani, pita nje ya Ikulu ya Magogoni bila kutoa kamera, kisha ufuate barabara ya ufukweni, ambayo sasa inaitwa Barack Obama ingawa wengi bado wanaiita Ocean Road, hadi kwenye hospitali. Rudi kupitia Samora, uingie Uhindini, eneo la maduka na nyumba za wafanyabiashara wenye asili ya India, kwa mitaa ya Zanaki, Indira Gandhi na Kisutu. Nenda asubuhi, maana jua la saa sita hufuta vivuli, na bila kivuli huwezi kusoma urembo wa plasta.

4. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo nayo imo?

Haimo. Nyumba ya Kariakoo yenye baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku na uani nyuma haikuhuishwa, kwa kuwa haikuwahi kufa. Watu waliendelea kuijenga kwa miti na udongo, kisha kwa matofali ya saruji na bati, bila kuacha mpango wake. Inastahili ukurasa wake yenyewe.

## Historia

5. Wajerumani walitafuta nini kwenye matao ya Kiarabu?

Walihamisha makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam mwaka 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi zilizoanza kuligawa jiji kwa aina ya jengo: nyumba za namna ya Kizungu upande wa mashariki, majengo ya kudumu ya wafanyabiashara katikati, na vibanda vya Waafrika mbali zaidi. Kanuni hazikutaja rangi ya mtu kila mahali, lakini aliyeweza kujenga kwa mawe na aliyeweza kujenga kwa makuti tu walijulikana.

Katika upande wao wa mashariki walikuwa na shida mbili. Ya kwanza ni joto na homa. Robert Koch, aliyekuwa tayari na jina kubwa duniani katika tiba, alifanya utafiti wa malaria humuhumu jijini mwaka 1897 na 1898, na madaktari wa wakati huo walisisitiza nyumba ziinuliwe, zizungukwe na veranda pana, na zipitishe upepo wa bahari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tao ni njia nzuri ya kubeba veranda, na kivuli chake ni kirefu. Shida ya pili ilikuwa ya kisiasa. Pwani ilikuwa na mamlaka iliyozoeleka, ya Sultani wa Zanzibar, na mgeni aliyetaka kutiiwa kwake kuonekane jambo la kawaida alipata faida kwa kuvaa kanzu ya aliyemtangulia. Hilo la pili ndilo ambalo maelezo mengi ya watalii huliruka, yakatuachia hadithi ya kivuli na upepo peke yake.

Wala wasidhaniwe kuwa waliiga kilichokuwepo jirani. Matao ya umbo la kwato ni ya Maghrebi (Afrika Kaskazini) na Andalusia (Hispania ya Waislamu) kuliko ya Unguja au Lamu. Yalikuja kutoka katika vitabu vya Ulaya vilivyoichora "Mashariki" kama kitu kimoja kuanzia Cordoba hadi Delhi, kisha yakatua Kivukoni.

6. Mbona Ikulu inafanana na majengo ya Zanzibar?

Kwa sababu mkono ni uleule. Nyumba ya gavana wa Kijerumani iliharibiwa na makombora ya manowari za Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na mwaka 1922 wakaijenga upya juu ya masalia ya jengo la Wajerumani kwa michoro ya John Sinclair, ofisa wa serikali aliyefanya kazi Zanzibar kwa miaka mingi na ambaye ndiye pia aliyebuni Beit el Amani, jumba la makumbusho la Unguja la 1925. Sinclair alipenda kuchanganya matao, kuta nyeupe zenye meno, na veranda za kikoloni, na ukiweka picha za majengo hayo mawili ubavu kwa ubavu utaona ndugu wa baba mmoja.

Waingereza walikuwa wameshafanya jambo hilo India kwa miongo kadhaa, wakivisha mahakama na vituo vya reli sura za Kimughal, yaani za wafalme Waislamu waliotawala India kabla yao. Ikulu, kwa hiyo, ina tabaka tatu katika jengo moja: msingi wa Kijerumani, mazoea ya Waingereza wa India, na sura ya Zanzibar kama ofisa mmoja alivyoipenda. Tangu Uhuru imeongezeka tabaka ya nne, nayo ndiyo wengi wetu tunayoijua.

7. Nyumba za Uhindini zinaingiaje katika habari hii?

Kwa mlango wao wenyewe. Mfanyabiashara wa Kigujarati aliyejenga Uhindini mwanzoni mwa karne ya 20 hakuwa akitafuta kufanana na Sultani. Alijenga duka chini na makazi ya familia juu, roshani ikichungulia barabara, na kwenye kilele cha ukuta wa mbele akaandika jina la familia na mwaka, wakati mwingine pamoja na ishara ya dini yake. Mbao zilizotobolewa kwa nakshi kwenye roshani zilikuwa kumbukumbu ya nyumba alizoziacha nyuma. Nguzo za Kirumi na mashada ya maua ya plasta zilikuwa ni Ulaya kama alivyoiona Bombay. Yote hayo aliyaweka kwenye uso mmoja wenye upana wa duka.

Ndiyo maana nyumba hizi ni ngumu kuzipa jina la mtindo, na pengine ndizo zenye mengi ya kusema. Miaka ya 1930 mkondo uligeuka. Zege lilipozoeleka, uso wa nyumba ulinyooka, kona zikawa duara, vivuli vya zege vikapita juu ya madirisha kama mistari, na kuiga ya kale kukaanza kuonekana ushamba. Baada ya Vita vya Pili wasanifu kama Anthony Almeida wa hapahapa Dar es Salaam walilikata jambo hilo moja kwa moja wakajenga kwa lugha ya kisasa.

8. Kwa nini nyumba nyingi za Uhindini ni za Shirika la Nyumba?

Kwa sababu ya sheria ya 1971 ya kutaifisha majengo, iliyohusu nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambazo mwenyewe hakuwa akizikaa zote. Zilikabidhiwa kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 shughuli za Msajili zikaunganishwa na za Shirika la Nyumba la Taifa. Wazee wengine bado husema "nakaa nyumba ya Msajili". Kwa mpenzi wa majengo hili lina pande mbili. Kodi ndogo na umiliki wa umma viliziacha nyumba nyingi zisimame kwa miaka thelathini ambayo huenda zingebomolewa. Lakini mpangaji asiyemiliki hakuwa na sababu ya kugharimia paa, na mwenye mali alikuwa na majengo mengi kuliko mafundi.

## Ujenzi wake

9. Zilijengwa kwa vifaa gani?

Zile za zamani zaidi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe hayohayo, yakapangwa juu ya rundo la kuni, yakachomwa, yakalowekwa, kisha yakaachwa yaive. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, nyingi zikitoka maeneo ya Rufiji, na juu yake kukamwagwa kokoto za matumbawe na chokaa iliyoshindiliwa kwa muda mrefu. Wajerumani waliendelea na matumbawe kwenye kuta, lakini wakaleta mihimili ya chuma na zege kwa sakafu za juu, bati la mikunjo, na mbao za kenchi zilizopasuliwa kwa vipimo. Vigae vyekundu vya paa vilitoka Mangalore, India, na kigae kizima ukikigeuza mara nyingi utakuta chapa ya kiwanda upande wa chini.

Kwa hiyo nyumba inayoonekana ya Kiarabu kwa mbele yaweza kuwa na chuma cha kiwandani tumboni. Hilo si udanganyifu. Ndiyo hali halisi ya mtindo uliohuishwa: sura ni ya kale, mifupa ni ya siku zake.

10. Kwa nini vyumba vya nyumba nyingine ni vyembamba na virefu?

Boriti ya mkoko hubeba vizuri kwa takriban mita tatu tu. Chumba kilichojengwa kwa boriti, basi, hakipanuki, kitarefuka. Ukiingia ndani ya nyumba ukapima upana wa chumba kwa hatua zako ukapata tatu au nne, kisha chumba cha jirani vilevile, kuna uwezekano mkubwa kwamba dari ni ya boriti au ilikuwa ya boriti. Chumba kipana cha nyumba ya kale kina chuma au mbao ndefu juu yake.

11. Ni kweli kwamba zina ubaridi kuliko nyumba za leo?

Zikiachwa zifanye kazi kama zilivyokusudiwa, ndiyo. Ukuta mnene wa matumbawe huchelewa kupata joto, dari ya juu huliacha joto lipande mbali na kichwa, madirisha ya luva hupitisha upepo huku yakizuia jua, na veranda huzuia jua lisiguse ukuta kabisa. Lakini mpango huo huharibika kwa urahisi. Veranda ikizibwa kwa matofali ili kupata chumba cha ziada, na luva zikitolewa na kuwekwa kioo, nyumba inageuka kuwa tanuri na mwenye nyumba analazimika kununua viyoyozi, ambavyo maji yake hudondoka ukutani na kuleta matatizo ya swali la 18.

12. Nitajuaje umri wa nyumba?

Anza na hati na risiti, si na matao. Ukikosa hati, soma vifaa: matumbawe na boriti huashiria wa zamani; mihimili ya chuma yenye tao dogo la zege katikati huashiria zama za Wajerumani au baada yake kidogo; zege lenye nondo na kona za duara huashiria miaka ya 1930 na kuendelea. Angalia pia misumari, bawaba, na chapa za vigae. Mtindo wenyewe ni shahidi dhaifu, kwa sababu mtindo uliohuishwa kwa asili yake huonekana mkubwa kuliko umri wake.

13. Je, mwaka ulioandikwa juu ya ukuta unaaminika?

Kwa kawaida ndiyo, kama mwaka wa kukamilika kwa uso huo wa mbele. Nyuma yake panaweza kuwa na jengo la zamani zaidi.

## Thamani na sheria

14. Nyumba ya familia, ambayo si Ikulu wala kanisa, ina umuhimu gani wa kihistoria?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na ndilo linaloulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na mrithi mwenyewe. Majengo makubwa yalisemewa na serikali zilizoyajenga: kuna michoro, kuna barua, kuna picha. Nyumba ya mtaani haina msemaji isipokuwa yenyewe. Inaonyesha jinsi mtu wa kawaida mwenye kipato kidogo alivyouelewa mtindo wa wakubwa, akachukua alichokitaka na kukiacha kingine. Tao moja la kwato juu ya mlango wa duka, lililotengenezwa na fundi mwashi aliyekuwa pengine ameliona hospitalini Ocean Road, ni habari ambayo hakuna faili la ofisi linaloihifadhi.

Kuna thamani nyingine, ya mtaa. Nyumba moja pekee katikati ya maghorofa ya vioo ni kama neno moja lililobaki kwenye ukurasa uliochanwa. Nyumba nne zilizofuatana, zenye kimo kimoja, roshani zikishikana na kivuli kikipita mfululizo juu ya njia ya miguu, bado zinasomeka kama sentensi. Tathmini inayotazama nyumba mojamoja huikosa thamani hiyo kabisa, na kwa maoni yetu hapo ndipo mji umepoteza zaidi.

Mwishoni kuna thamani ya kazi ya mikono. Fundi anayeweza kuvuta ukingo wa plasta kwa chokaa sasa ni adimu, na kila uso wa nyumba uliobaki ni darasa alilowaachia wengine.

15. Sheria inailinda?

Hailindwi kwa umri wake tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyofanyiwa marekebisho 1979, inalitambua jengo moja kwa moja kuwa la kale ikiwa lilijengwa kabla ya 1863. Sasa pima na historia ya jiji: Sultani Majid aliichagua bandari hii karibu na kijiji cha Mzizima mnamo 1862, na ujenzi wa maana ukashika kasi katikati ya muongo huo. Kwa mpaka huo, magofu na makaburi ya Kunduchi yamo, lakini karibu jiji zima la Dar es Salaam linabaki nje, Boma la Kale likiwemo, kana kwamba mtunga sheria aliuchora mstari akiwa amesimama jana yake.

Njia iliyobaki ni tangazo. Waziri mwenye dhamana anaweza kulitangaza jengo au eneo kuwa la kuhifadhiwa, na majengo kadhaa ya katikati ya jiji yametangazwa kwa njia hiyo. Jengo likishatangazwa, kulibomoa au kulibadilisha kunahitaji ruhusa. Ambalo halikutangazwa linasimama kwa hiari ya mwenyewe na kwa kibali cha ujenzi, basi. Usikubali maneno ya "hii inalindwa" au "hii hailindwi" kutoka kwa dalali. Nenda Idara ya Mambo ya Kale ukaulize kwa namba ya kiwanja.

16. Na mlango wa nakshi?

Hapa sheria ni kali kuliko watu wanavyodhani. Mlango au fremu ya mbao iliyochongwa nchini kabla ya 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki ni kitu kinachohifadhiwa chini ya sheria hiyohiyo ya swali la 15, hata kama nyumba iliyoubeba haikutangazwa. Anayekuja na lori na fedha taslimu akitaka mlango tu anajua hilo. Wewe nawe ulijue.

17. Nikibomoa bila kuuliza?

Kama limetangazwa, unavunja sheria. Kama halikutangazwa, bado unahitaji kibali cha mamlaka ya jiji au manispaa. Kwa vyovyote, piga picha za kila chumba kabla ya nyundo ya kwanza na upime nyumba. Kazi hiyo ni ya siku mbili.

## Matunzo

18. Fundi anataka kubandua plasta ya zamani na kupiga lipu ya saruji. Nikubali?

Usikubali kwenye ukuta wa matumbawe. Ukuta huo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kutoka kwenye hewa ya bahari, na plasta ya chokaa huuacha utoke taratibu. Saruji huufungia ndani. Maji yakikosa njia ya nje hupanda juu zaidi, yakibeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya saruji hukisukuma kipande kizima. Baada ya misimu michache ya mvua lipu hubomoka ikiwa na jiwe limeng'ang'ania nyuma yake, na hapo hasara si ya plasta tena.

Tuliwahi kushuhudia nyumba moja Uhindini ambayo mmiliki alitumia fedha nyingi kuipiga saruji nje na ndani, ikapendeza sana kwa mwaka mmoja. Mwaka wa tatu ukingo wote wa urembo wa juu ulidondoka usiku, bila kumjeruhi mtu, kwa bahati. Fundi hakuwa mzembe. Alifanya kazi nzuri ya ukuta wa tofali kwenye ukuta usio wa tofali. Mwombe fundi wako atumie chokaa iliyolowekwa na mchanga uliooshwa, na ajaribu kwanza kwenye kipande kidogo kisichoonekana.

19. Rangi je?

Sababu ni ileile ya swali la 18: chokaa ya kupaka, yenye rangi ya asili ukitaka, badala ya rangi ya plastiki. Itapauka na utapaka tena. Ni rahisi.

20. Fedha ni kidogo. Nianze na nini?

Paa na maji. Mfereji wa paa ulioziba umeua nyumba nyingi kuliko matingatinga. Safisha mifereji kabla ya masika na kabla ya vuli, rudisha vigae vilivyohama, ng'oa mche wa mtini ukingali mdogo kama kidole, na elekeza maji ya viyoyozi kwenye bomba badala ya ukuta. Urembo wa mbele, ambao ndio watu hukimbilia kuutengeneza, unaweza kungoja.

## Maswali yenye utata

21. Je, kubakiza uso wa mbele na kujenga ghorofa nyuma yake ni uhifadhi?

Ni bora kuliko kiwanja kitupu, na ni pungufu kuliko nyumba. Kwa mtindo uliohuishwa swali hili ni gumu zaidi kuliko kwa nyumba ya mapokeo, kwa sababu mtu anaweza kusema kwamba uso wa mbele ndio ulikuwa kusudi lote tangu mwanzo. Hoja hiyo ina ukweli kiasi kwa jengo la serikali. Kwa nyumba ya Uhindini haina, maana habari yake imo katika namna duka linavyofungua ngazi, ngazi inavyofungua ukumbi wa familia, na ukumbi unavyofungua roshani. Ukibaki na uso tu umebaki na kibao cha duka.

22. Majumba mapya ya Mbezi yenye nguzo za Kirumi nayo ni mitindo iliyohuishwa?

Watu huuliza hili kwa kucheka, lakini jibu ni ndiyo. Mwenye nyumba ya ghorofa moja Mbezi Beach aliyeweka nguzo nne za zege na pembetatu juu ya lango anafanya kitu kilekile alichofanya mfanyabiashara wa Uhindini miaka mia iliyopita: anachagua sura ya kale ya mbali ili kusema jambo kuhusu hadhi yake leo. Ubora wa kazi na uwezo wa kuvumilia joto ni mjadala mwingine. Nguzo hizo, tofauti na matao ya swali la 5, kwa kawaida hazimpi mtu kivuli.

23. Kuyahifadhi si kuuenzi ukoloni?

Ni swali la haki na halijibiwi kwa kusema "ni mazuri". Majengo ya mashariki mwa mji yalijengwa katika mpango wa kuwatenga watu, na jasho la waliobeba mawe halikuandikwa popote kwenye kuta. Lakini matao yale yalijengwa kwa mikono ya mafundi wa pwani na wa kutoka India, chokaa ikachomwa na watu wa hapa, na mazoea ya watumiaji wake yamebadilika mara nyingi: hospitali iliyokuwa ya Wazungu leo ni sehemu ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, na wagonjwa kutoka kila mkoa hukaa kwenye baraza zake. Jengo likiwa limesimama, mwalimu anaweza kumwonyesha mwanafunzi mahali mstari wa ubaguzi ulipopita, kwa kidole. Tunachopinga ni kibao kinachosifu "haiba ya kikoloni" bila kutaja kanuni za 1891.

24. Nina picha ya zamani ya nyumba ya babu. Ina faida kwa mtu yeyote?

Ina faida kubwa, hasa kama nyumba imeshabomolewa. Boma la Kale limekuwa makao ya DARCH, kituo kinachoshughulikia urithi wa usanifu wa jiji hili, na picha za familia ni miongoni mwa vitu vinavyokosekana sana kwenye kumbukumbu za namna hiyo. Iskani pande zote mbili. Andika kwa penseli nyuma ya picha jina la mtaa kama ulivyoitwa wakati huo, mwaka hata kama ni wa kukadiria, na majina ya waliosimama barazani, ukianzia kushoto. Usibandike gundi. Na ikiwa kuna shangazi anayekumbuka mlango ulikuwa na rangi gani, mpigie simu kwanza, kabla ya kwenda huko.